Mahabusu Ishirini na Wawili wa Ghuba ya Ōtewhai

Mahabusu walikuwa ishirini na wawili, wote hai, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutoa maelezo.

Walikuwa ndani ya dema la chuma, mtego wa kuvulia, kwenye maji yanayomfika mtu kifuani, hatua thelathini kutoka mteremko wa kushushia mashua wa Ghuba ya Ōtewhai. Kamba koche kumi na tisa walikuwa wadogo kuliko sheria inavyoruhusu. Watatu waliobaki walikuwa majike, mayai yamejaa chini ya mikia yao. Juu ya dema lilielea boya la rangi ya chungwa, na juu ya boya, kwa herufi nyeupe ambazo hata kipofu angezipapasa, liliandikwa jina: R. TE AHURU.

"Soma tena," alisema Inspekta Pirihira Kawhia.

"Nimesoma mara sita, Shangazi. Halibadiliki."

Aliyejibu alikuwa Afisa Uvuvi Selwyn Pohatu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, aliyemwita Shangazi kwa heshima tu na si kwa udugu, ambaye asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa na uso wa mtu aliyemfumania baba yake akiiba sadaka kanisani. Alikuwa amesimama majini tangu alfajiri akiulinda ushahidi, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

R. Te Ahuru hakuwa mtu wa kukutwa na kesi. Huyu ndiye Koro Rewi, babu wa miaka sabini na saba, mlinzi wa ghuba aliyewekwa na wazee wa ukoo. Nusu ya watu wa pwani ile walijifunza kuzamia mikononi mwake, Selwyn akiwemo. Inasemekana aliwahi kumrudisha askofu baharini akamwachie kamba koche aliyepungua milimita moja, na askofu alikuwa ameshavaa joho la ibada. Askofu alirudi. Joho lilikauka siku tatu.

Kwa sababu hiyo, mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa amepata taabu ya kumpata mpelelezi asiyeegemea upande. Askari wake wote walikuwa ama ndugu za Rewi, ama walikuwa wamekula kamba koche wake kila Krismasi. Pirihira peke yake hakuwa hivi wala vile. Alitoka upande wa pili wa milima. Tena, akila kamba koche hata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, ulimi wake huvimba akaongea kama aliyemeza soksi. Mkuu wake aliona hicho ni kipaji.

"Ulijuaje kwamba dema liko hapa?" Pirihira aliuliza.

Selwyn akatoa simu yake kwenye mfuko wa plastiki na kuichezesha rekodi. Ilikuwa ya saa kumi na moja na dakika hamsini. Sauti ya mwanamume, imezibwa na kitambaa, ilimwelekeza kwenye boya. Kisha ikaongeza: "Njoo mapema, kabla jua halijayapasha maji. Wasije wakaumia."

Pirihira aliirudia mara tatu, akaandika maneno ya mwisho kwenye daftari lake na kuyapigia mstari.

Wakaanza kazi ya kuwatoa mahabusu. Selwyn aliwapima mmoja mmoja kwa kipimo cha chuma, upana wa mkia: milimita hamsini na nne kwa dume, sitini kwa jike. Hakuna aliyefika. Akawapiga picha, halafu akawarudisha kwa mkono, kila mmoja mlangoni mwa pango la mwamba. Kamba koche hatupwi kama jiwe. Anayetupwa huliwa na samaki kabla hajafika chini, na hapo umemwokoa kwa faida ya nani?

Pirihira, aliyevaa mabuti ya mpira yaliyokwisha kujaa maji, aliandika mambo matatu. Mosi, hakuna mahabusu aliyekatika mguu wala masharubu. Pili, ndani ya dema mlikuwa na kome waliopasuliwa, nyama yao ikiwa bado mbichi. Tatu, matundu ya pembeni ya dema, yale yanayoachwa ili wadogo watoroke, yalikuwa yamefumwa kwa uzi mweupe wa pamba. Akaukata uzi ule na kuutia kwenye bahasha. Kielelezo A.

Alipopanda mteremko alikuta watu kumi na mmoja wamesimama juu wakijifanya wanaangalia hali ya hewa. Selwyn alimnong'oneza yaliyokuwa yakimngoja mzee. Kesi ikisimama, Rewi angepoteza mashua na vifaa vyake, na kuvua kungekuwa marufuku kwake kwa miaka mitatu. Hayo yalikuwa ya serikali. Ya nyumbani yalikuwa machungu zaidi. Wazee walishaitisha mkutano kwenye marae, ukumbi wa mikutano wa ukoo, Jumamosi saa sita mchana, wamvue ulinzi wa ghuba mbele ya watu wote.

"Wameitisha lini?" Pirihira aliuliza. "Sasa hivi ni saa tatu."

"Saa mbili na nusu, Shangazi. Ulichelewa kuegesha gari."

*

Rewi Te Ahuru alimpokea jikoni. Alikuwa mfupi, mpana, na masikio yake yalikuwa yamekunjamana kwa maji baridi ya miaka sitini. Mkewe, Hēni, aliweka mezani chai na mikate ya kukaanga, kisha akabaki amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, mwiko mkononi, kama wakili.

"Boya ni lako?"

"Langu."

"Dema?"

"Langu. Nalitumia bahari ikichafuka. Mwaka huu sijaligusa."

"Linakaa wapi?"

"Bandani, na mashua."

"Banda lina kufuli?"

Hēni ndiye aliyecheka. "Kufuli? Banda lile hata mlango lilipata juzi."

"Na kamba koche?"

Rewi aliweka kikombe chini. Pirihira, aliyekwisha kuhoji wezi wa kondoo, wa matrekta na mmoja wa mizinga ya nyuki, alikuwa hajawahi kumwona mshukiwa akiisukuma chai yake mbali namna ile.

"Binti," alisema. "Niite mwizi wa kondoo. Kwetu walikuwapo, wala hatufichi. Lakini usikae kwenye meza ya mke wangu ukaniambia nimechukua jike lenye mayai."

Pirihira hakumwambia. Alimwuliza badala yake jinsi anavyovua, na mzee akafunguka. Mtu hamdaki kamba koche kwa miguu, maana mguu humwachia mkononi naye akakimbia na iliyobaki. Hamvuti kwa ncha za masharubu. Anamtazama kwanza, anasogeza mkono taratibu, anamshika shina la masharubu yote mawili au mgongoni, kwa uthabiti, kama anayemshika mkono bibi harusi. Akimpima akakuta hafai, anamrudisha pale pale mlangoni kwake. Chini huko haendi mtu peke yake. Wanashuka wawili, wanapanda wawili, kila mmoja akiangalia hewa ya mwenzake kabla ya kuangalia yake.

"Na mwenzako ni nani?"

"Murdo Finlayson. Kila Jumanne, miaka arobaini na mmoja. Sasa ni wiki ya saba anaumwa sikio." Rewi alikunja uso. "Nimemwambia, mwezi huu ukiisha nashuka peke yangu. Simtaki mwenzi mwingine. Nikianza kumfundisha mtu mpya leo, tutamaliza nina miaka mia."

Mwiko wa Hēni ulitua kwenye sufuria kwa kishindo.

"Na Jumanne ijayo?"

"Jumanne ijayo sishuki. Nina tuhuma. Sheria ni sheria."

"Msikie," Hēni alisema. "Miaka mitano namwomba aache kuzamia. Daktari amemwomba. Mchungaji amemwomba. Hakusikia la mtu. Karatasi moja ya Selwyn imemkalisha jikoni kama mtoto aliyeadhibiwa."

Pirihira alinyanyua macho. Mwanamke yule alikuwa akisikitika kwa mdomo, lakini mashavu yake yalikuwa yametulia kabisa, kama ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Inspekta akaandika jina la Hēni na kulizungushia duara. Alipomaliza mkate wa tatu aliona haya kidogo, lakini hakulifuta.

*

Mshukiwa ambaye kila mtu alimtaka, hata hivyo, alikuwa Brodie Hackett. Huyu alikuwa mvuvi wa biashara wa bandari ya jirani, na mwaka uliopita Rewi alimripoti kwa kutega madema ndani ya eneo lililofungwa. Hackett aliapa mbele ya baa nzima kwamba siku moja mzee atakiona.

Pirihira alimkuta Ijumaa asubuhi gatini, ameketi juu ya rundo la madema, akifunga mojawapo kwa waya. Alikuwa jitu la mtu lenye ndevu nyekundu.

"Usiku wa Jumatano ulikuwa wapi?"

"Maili ishirini baharini, na watu wanne na injini iliyokufa. Walinzi wa pwani walituvuta. Waulize, bado wananicheka."

"Uliapa utamkomesha Te Ahuru."

"Niliapa, ndiyo. Nilikuwa na bia saba. Siku hiyo hiyo niliapa pia nitamwoa mwenye baa." Akanyoosha mkono. "Lete hizo picha."

Pirihira alimpa. Hackett aliziangalia moja moja, taratibu, kama daktari anayesoma eksirei, na kadiri alivyosonga ndivyo kicheko kilivyozidi kumpanda.

"Nani amekuambia huyu ni mhalifu?" aliuliza. "Huyu ni yaya. Tazama, amewapasulia kome. Amewapa chakula cha jioni. Mwizi gani anawapikia mahabusu?"

"Endelea."

"Huu uzi. Ni pamba?"

"Ni pamba."

"Basi sikia, Inspekta. Dema likipotea baharini, linaendelea kuua miaka na miaka. Anaingia mmoja, anakufa, anakuwa chambo cha mwingine. Kwa hiyo mvuvi mwenye utu akiziba tundu, analiziba kwa uzi wa pamba. Unaoza wiki mbili tatu, mlango unafunguka, wote wanakwenda zao. Aliyefunga hili alikuwa anafikiria, Selwyn asipokuja je? Mimi nikitaka kumtia mtu matatani, nafunga kwa waya na kulala."

Alirudi kwenye picha za mwanzo, akaacha kucheka.

"Na hili lingine. Ishirini na wawili, hakuna mguu hata mmoja uliokatika. Hawa hawakuingia demani wenyewe, wangegombea chambo mlangoni wakavunjana. Wameshikwa kwa mkono, mmoja mmoja, wakapangwa humo. Wanaoweza kazi hiyo pwani hii ni wawili tu. Mmoja ni Rewi, na simpendi, lakini hawezi kufanya hivi. Angekula kiatu kwanza."

"Wa pili?"

Hackett alimrudishia picha. "Wa pili ni anayezama naye."

Njiani kurudi, Pirihira alisimamisha gari kando ya malisho ya kondoo na kulifuta lile duara. Hēni, kwa ushahidi wa mtaa mzima, alikuwa akiogopa maji, hata ya beseni la kufulia. Kisha akakaa akiangalia usukani. Kamba koche wadogo vile hukaa kwenye maji mafupi, Selwyn alishamwambia. Dema lenyewe lilikuwa kwenye maji ya kifuani. Kwa nini mzamiaji hodari namna hiyo, mwenye bahari nzima mbele yake, afanye uhalifu wake wote bila kushuka hata mita mbili?

*

Jumamosi saa tatu asubuhi alibisha mlango wa Murdo Finlayson. Zilibaki saa tatu kabla ya mkutano.

Murdo alikuwa na miaka sabini na mitano, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, mrefu na mwembamba kama mlingoti. Mkewe alifariki zamani, na nyumba yake ilikuwa safi kwa ule usafi wa mtu anayeishi peke yake na hataki kuonewa huruma. Alikuwa akitayarisha paja la kondoo, mchango wake kwa chakula cha marae. Alisema hata yeye hakulala, alisema Rewi ameonewa, alisema ni aibu kwa ghuba nzima. Alisema mengi mfululizo, kisha akashika ukingo wa meza na kunyamaza, kifua kikipanda na kushuka.

"Sikio linaendeleaje?" Pirihira aliuliza.

"La kushoto. Halisikii kitu. Kama limejaa saruji."

Pirihira alitikisa kichwa kwa huruma. Akazunguka meza, akijifanya anatazama picha ukutani, na alipofika upande wa kushoto wa mwenyeji wake alisema kwa sauti ya chini kuliko ya nzi: "Birika linachemkia pembeni."

Murdo aligeuka kuliangalia birika.

Birika lilikuwa baridi. Wakatazamana.

"Linapona," Murdo alisema.

"Naona. Naweza kuona suti yako ya kuzamia?"

Ilikuwa imetundikwa kwenye varanda ya nyuma. Pirihira aliishika mguu, akachungulia ndani ya kiatu. Humo buibui alikuwa amejenga nyumba ya familia, na kwa wingi wa watoto ilionekana kwamba hakusumbuliwa muda mrefu. Hakumgusa. Alirudi jikoni, akatoa bahasha, akaweka uzi wa Kielelezo A juu ya meza. Kisha akauweka kando ya paja la kondoo, ambalo lilikuwa limefungwa vizuri, kwa mafundo madogo yaliyolingana, kwa uzi mweupe wa pamba.

"Kila nyumba ina uzi huo," Murdo alisema.

"Kweli. Lakini si kila nyumba inafunga fundo hilo."

Alichezesha rekodi. *Njoo mapema, kabla jua halijayapasha maji. Wasije wakaumia.*

"Nimekamata watu miaka ishirini na sita," alisema Pirihira. "Sijawahi kukutana na mtu aliyeiba huku akiomba radhi. Umewalisha. Umewafungia kwa uzi unaooza. Hukuwavunja hata sharubu. Mzee wangu, ulitaka kumwangamiza rafiki yako, lakini ulishindwa kumkosea adabu hata kamba koche mmoja."

Murdo alivuta kiti akaketi. Akalisogeza paja la kondoo kando.

"Siku kumi na moja," alisema. "Wawili kwa siku. Maji yakipwa, naingia mpaka kiunoni, nainama, napumzika, nainama tena. Dema nililizamisha bila boya, boya nikalifunga usiku wa mwisho. Zamani ningewapata wote kwa pumzi nne."

"Ni moyo?"

"Mapafu. Daktari aliniambia wiki saba zilizopita. Nisishuke tena, hata mita moja. Nilitoka pale nikaenda kwa Rewi nimwambie, nikamkuta anajaza mitungi yetu miwili ya hewa. Wangu aliujaza kwanza. Nikamwambia sikio."

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Kwa sababu namjua." Sauti yake ilipanda. "Angesema pole, angenifanyia chai, angekaa na mimi mpaka jioni. Halafu Jumanne angeshuka peke yake. Chini kule hajui kusimama, Inspekta. Akiona pango moja anataka la pili. Miaka arobaini na mmoja ni mimi ninayemvuta mguu kumwambia hewa imekwisha. Nisipokuwapo, nani atamvuta?"

"Mkewe alimwomba."

"Hasikii ombi la mtu. Nilikaa nikafikiri, ni kitu gani duniani ambacho Rewi hajawahi kukivunja? Nikaona ni kimoja tu. Kanuni ya uvuvi. Serikali ikimwambia usivue miaka mitatu, hatavua hata akiwa na njaa. Atakuwa hai. Atakuwa na hasira, lakini atakuwa hai."

"Na jina lake je?"

Hapo Murdo alifunika uso kwa mikono. "Nilidhani watampa barua. Barua tu. Sikujua kama wazee watamvua ulinzi. Naapa nimekwenda simuni mara mbili nikitaka kukiri. Leo ningesimama ningesema, nilikuwa natafuta pumzi za kusemea."

Pirihira alikunja daftari. Kwa sheria, aliyekuwa mbele yake alimiliki kamba koche haramu ishirini na wawili, alitumia boya la mtu mwingine na kuwapotosha maofisa. Kwa macho, alikuwa mzee aliyebeba mzigo wa watu wawili kwenye mapafu ya nusu mtu.

"Nyanyua hilo paja," alimwambia. "Utasimama useme. Mimi nitakuendesha mpaka mlangoni, ule mlima wa kwenda marae si wa kwako tena."

*

Marae ilikuwa imejaa. Hata Brodie Hackett alikuwapo nyuma, mikono imekunjwa, akitazamwa vibaya na watu wote na kuonekana kulifurahia jambo hilo. Rewi alikaa mbele peke yake, amevaa koti lake la mazishi. Hēni alikuwa kando, na mashavu yake leo hayakutulia.

Pirihira alisema maneno machache. Upelelezi umekamilika. Koro Rewi hana hatia yoyote. Mhusika yuko hapa na atazungumza mwenyewe.

Murdo alisimama. Alizungumza kwa vipande, kila kipande na pumzi yake, na hakujitetea. Alisema siku kumi na moja, boya, dema, simu. Alisema mapafu. Alipofika hapo chungu cha viazi vitamu kilisikika kikitokota jikoni. Alisema sababu, akaketi.

Macho yote yakamgeukia Rewi. Mzee hakumtazama mtu. Alikuwa amekazia macho mahali fulani sakafuni.

"Wiki saba," alisema. "Umekuwa ukifa pembeni yangu wiki saba, na mimi nakuletea dawa ya sikio."

"Sifi, Rewi. Siwezi tu kuzama."

"Nilikuchemshia vitunguu. Ulivitia sikioni."

"Nilivitia. Vilinuka."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajifanya anakohoa. Selwyn alisimama, kofia mkononi, akasema kwamba idara yake itamwandikia Bwana Finlayson onyo rasmi, na kwa kuwa mahabusu wote walirudi makwao salama na wameshiba, yeye haombi zaidi. Mzee aliyeongoza mkutano akatangaza kwamba ulinzi wa ghuba unabaki kwa Rewi Te Ahuru, na akamwuliza mlinzi kama ana la kusema juu ya aliyemkosea.

Rewi alisimama. Mlinzi wa ghuba ana haki moja ambayo haiombewi kibali kwa mtu. Akiona sehemu imechoka, anaiwekea rāhui, anaifunga, na hakuna mguu unaoingia mpaka yeye mwenyewe aifungue. Rewi alikuwa amefunga miamba, amefunga mito, mara moja alifunga ufuko mzima baada ya mtu kuzama. Wote walisubiri kusikia leo anafunga nini.

Alivuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayejiandaa kushuka.

"Naweka rāhui," alisema, "juu ya wazee wawili. Mmoja anaitwa Finlayson. Mwingine anaitwa Te Ahuru. Kuanzia leo, ni marufuku kwao kushuka kwenye maji yanayopita kiuno. Wakionekana chini ya hapo, Selwyn awakamate."

Hēni aliweka mkono mdomoni. Murdo alikuwa amenyanyua kichwa.

"Wewe huumwi," alisema. "Wewe waweza kushuka, Rewi. Si lazima."

"Nishuke na nani?"

Rewi alitembea mpaka kwenye benchi la Murdo, akaketi kando yake, kwa uzito, kama anavyoketi mashuani.

"Mpaka lini?" Murdo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka daktari wako aseme mapafu yamepona."

"Amesema hayatapona."

"Basi," Rewi alisema, "tutakuwa na Jumanne nyingi. Unajua kucheza karata?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Tutadanganyana."